Kutoka Kisu hadi Kidonge: Historia ya Tiba ya Kuzuia Homoni katika Saratani ya Matiti na Suala la Sukari ya Damu, kwa Kurejelea Bariadi na Mkoa wa Simiyu

IKISIRI

Insha hii inafuatilia historia ya tiba ya kuzuia homoni katika saratani ya matiti, tangu upasuaji wa George Beatson mjini Glasgow mwaka 1895 hadi tafiti za miaka ya 2010 zilizoihusisha tiba hiyo na ugonjwa wa kisukari. Sambamba na hayo, inafuatilia historia ya kisukari nchini Tanzania, kisha inazikutanisha historia hizo mbili Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Hoja kuu ni kwamba athari ya tiba hii kwa sukari ya damu haikuchelewa kutambuliwa kwa sababu ya uhaba wa maarifa. Ilichelewa kwa sababu elimu ya saratani na elimu ya kisukari zilikua katika kliniki tofauti, kila moja ikiwa na vipimo vyake na daftari lake. Mgawanyo huo umerithiwa na mfumo wa rufaa wa Kanda ya Ziwa. Insha inahitimisha kwamba kipimo cha sukari kinapaswa kuwa sehemu ya tiba yenyewe, kifanyike karibu na anakoishi mgonjwa, na kamwe kisiwe sababu ya kumwachisha dawa inayomwokoa.

Istilahi muhimu: saratani ya matiti, estrojeni, tamoksifeni, vizuizi vya aromatasi, kisukari, Bariadi, Simiyu.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi Machi 2012 kwa kumega wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, pamoja na eneo la Busega kutoka Mwanza. Kwa mujibu wa sensa, wakazi wake walikuwa takriban milioni 1.6 mwaka 2012, na wakazidi milioni 2.1 mwaka 2022. Wengi wao ni Wasukuma, wakulima wa pamba, mahindi, mtama na viazi vitamu, na wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katika historia ya tiba, mkoa huu aghalabu hutajwa kwa malaria, kichocho na afya ya uzazi. Magonjwa yasiyoambukiza huonekana kama habari ya mijini.

Mtazamo huo hautoshi tena. Saratani ya matiti ni ya pili miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania, ikitanguliwa na ya mlango wa kizazi. Mwanamke wa Bariadi anayegunduliwa kuwa na saratani ya matiti yenye vipokezi vya homoni hupewa, baada ya upasuaji na tiba ya kemikali, dawa ya kumeza kila siku kwa muda usiopungua miaka mitano. Dawa hiyo hupunguza nguvu ya estrojeni mwilini. Lakini estrojeni haikuumbwa kwa ajili ya matiti na uzazi peke yake; ni miongoni mwa homoni zinazosaidia mwili kuitawala sukari. Swali linalozaliwa hapo ni hili: imekuwaje dawa iliyoanza kutumika miaka ya 1970 ichukue takriban miongo minne kabla ya athari yake kwa sukari ya damu kuchunguzwa kwa upana? Na jibu la swali hilo linatufundisha nini kuhusu mpangilio wa huduma katika mkoa kama Simiyu?

Insha inatumia mkabala wa historia ya tiba. Imejikita katika machapisho ya kitabibu ya vipindi husika, ikiyasoma si kwa ajili ya matokeo yake tu, bali pia kwa kuangalia kile ambacho watafiti wa kila kipindi waliamua kukipima na kile walichokiacha.

2.0 Maksai, Ovari na Chimbuko la Tiba

Tiba ya kuzuia homoni ilianza kabla neno homoni lenyewe halijabuniwa. George Beatson, daktari wa upasuaji wa Uskoti, alikuwa amechunguza utoaji wa maziwa alipokuwa akiandika tasnifu yake ya udaktari. Alivutiwa na maarifa ya wafugaji kwamba ng'ombe aliyeondolewa ovari baada ya kuzaa huweza kuendelea kutoa maziwa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kutokana na hilo alijenga dhana kwamba ovari zina mamlaka fulani juu ya titi, ingawa hakuna mshipa wa fahamu unaoviunganisha viungo hivyo kwa namna ya kueleza mamlaka hayo. Mwaka 1895 alimwondoa ovari mwanamke mwenye umri wa miaka 33 ambaye saratani yake ya titi haikuweza tena kuondolewa kwa kisu. Uvimbe ulinywea. Mwaka 1896 alichapisha matokeo hayo katika jarida la Lancet.

Inafaa kuzingatia kwamba maarifa yaliyomwongoza Beatson yalitoka zizini. Kwa jamii ya wafugaji na wakulima wa jembe la kukokotwa, kama ilivyo Usukumani, jambo hilo si geni. Dume linalohasiwa ili liwe maksai wa kulimia hubadilika tabia na umbo: hupoteza ukali wa fahali na hunenepa kwa urahisi. Yaani, tezi za uzazi zinapoondolewa haviguswi viungo vya uzazi peke yake. Mwili wote hubadili jinsi unavyotumia na kuhifadhi chakula. Funzo hili lilikuwa wazi kwa mfugaji. Tiba ya kisasa ilichukua nusu yake ya kwanza, ile ya titi, na nusu ya pili, ile ya chakula na mafuta, ikaachwa kwa muda mrefu.

Wakati Beatson akichapisha taarifa yake, Wajerumani walikuwa wakijenga hospitali kando ya bahari mjini Dar es Salaam. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1897 na likawahudumia Wazungu. Ni jengo hilohilo ambalo, karne moja baadaye, lilikuja kuwa makao ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Hivyo, historia ya tiba ya saratani nchini ilianza pwani, na mgonjwa wa Usukumani aliyehitaji mionzi alilazimika kuvuka nchi nzima kuifuata.

Upasuaji wa Beatson ulisaidia takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini wawili waliobaki hawakunufaika. Jibu lilianza kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Elwood Jensen, akifanya kazi mjini Chicago, alipoonesha kwamba estrojeni hushikwa na kipokezi maalumu ndani ya seli. Uvimbe wenye kipokezi hicho hulishwa na estrojeni; uvimbe usio nacho hauijali. Ugunduzi huo ndio msingi wa kipimo cha vipokezi ambacho hadi leo huamua nani apewe tiba ya homoni na nani asipewe.

3.0 Kutoka Kisu hadi Kidonge

Mwaka 1962, mkemia Dora Richardson wa kampuni ya ICI nchini Uingereza alitengeneza kemikali iliyokuja kuitwa tamoksifeni. Alifanya kazi katika kikundi kilichoongozwa na Arthur Walpole, na lengo la kikundi hicho lilikuwa kupata dawa ya kuzuia mimba. Kwa panya ilifaulu. Kwa wanawake ilifanya kinyume chake, ikachochea yai kupevuka. Dawa iliyoshindwa katika kazi iliyokusudiwa ikatafutiwa kazi nyingine. Mwaka 1971, Mary Cole na wenzake wa Hospitali ya Christie mjini Manchester walichapisha matokeo ya wagonjwa 46 wa saratani ya matiti iliyosambaa. 10 kati yao walipata nafuu ya wazi. Uingereza iliiruhusu dawa hiyo mwaka 1973, na Marekani mwishoni mwa mwaka 1977.

Faida ya tamoksifeni haina shaka. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio mengi, uliochapishwa mwaka 2011, ulionesha kwamba kuitumia kwa miaka mitano hupunguza vifo vya saratani ya matiti yenye vipokezi kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Kidonge kimoja kwa siku, kisichohitaji jokofu wala sindano, kilikuwa zawadi kubwa kwa nchi zenye hospitali chache.

Kundi la pili la dawa ni vizuizi vya aromatasi. Aromatasi ni kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni kutokana na homoni nyingine, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi kazi hiyo hufanyika kwa kiasi kikubwa katika tishu za mafuta. Anastrozoli iliruhusiwa Marekani mwaka 1995, na jaribio kubwa la wanawake 9,366 lililoanza kutoa matokeo mwaka 2002 likaifanya mshindani wa tamoksifeni kwa wanawake waliokoma hedhi. Shirika la Afya Duniani liliiongeza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Tofauti ya makundi haya mawili ni ya msingi: tamoksifeni huziba mlango ambao estrojeni huingilia, kizuizi cha aromatasi hukausha estrojeni yenyewe.

Tukitazama kilichopimwa katika majaribio ya miongo hiyo, tunaona mpangilio fulani. Kwa tamoksifeni walihesabu saratani ya mji wa mimba na damu kuganda kwenye mishipa. Jaribio la kinga lililochapishwa Marekani mwaka 1998, likihusisha wanawake 13,388, ni mfano mzuri: lilionesha kupungua kwa saratani ya matiti kwa takriban nusu, na likaziweka hatari hizo mbili mbele ya msomaji. Kwa vizuizi vya aromatasi walihesabu kuvunjika kwa mifupa na maumivu ya maungio. Sukari haikuwa miongoni mwa maswali makuu. Watafiti wa saratani waliuliza maswali ya saratani.

4.0 Kilichokwisha Kujulikana kuhusu Estrojeni na Sukari

Ukimya huo haukutokana na ujinga wa zama. Katika miaka ya 1940 na 1950, Bernardo Houssay wa Argentina, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kazi yake kuhusu homoni na sukari, pamoja na wenzake, waliwachunguza panya walioondolewa sehemu kubwa ya kongosho. Panya waliopewa estrojeni walikingwa na kisukari kuliko wasiopewa. Matokeo hayo yalikuwapo maktabani zaidi ya muongo mmoja kabla ya mwanamke wa kwanza kumeza tamoksifeni kwa ajili ya saratani.

Mwaka 1994 taarifa nyingine ilitoka Marekani, safari hii kuhusu binadamu. Kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 28 aligunduliwa kuwa kipokezi chake cha estrojeni kina kasoro ya kurithi na hakifanyi kazi. Daktari angetarajia kasoro za uzazi pekee. Kilichoonekana ni pamoja na mwili kushindwa kuidhibiti sukari ipasavyo huku insulini ikiwa juu. Muda mfupi baadaye majaribio ya panya wasio na kipokezi hicho yalithibitisha picha ileile: hunenepa, na seli zao huikaidi insulini.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja kwa njia ya kinaya. Nchini Marekani, majaribio ya kuwapa homoni wanawake waliokoma hedhi yalilenga kuwakinga na magonjwa ya moyo. Katika jaribio moja, matokeo ya mwaka 2003 yalionesha hatari ya kisukari ikipungua kwa takriban asilimia 35. Katika jingine, matokeo ya mwaka 2004 yalionesha upungufu wa takriban asilimia 21. Hata hivyo, jaribio hili la pili lilikuwa limesitishwa mwaka 2002, mojawapo ya sababu ikiwa ni kuongezeka kwa saratani ya matiti. Kwa hiyo homoni ileile iliyopunguza kisukari iliongeza saratani. Mwanafunzi wa mantiki angeuliza mara moja: je, kuiondoa homoni ili kupunguza saratani hakutaongeza kisukari?

Utaratibu wa kifiziolojia unalielekeza jibu upande wa ndiyo. Estrojeni husaidia ini kupunguza utoaji wa sukari kwenye damu, husaidia misuli kuipokea sukari hiyo, huzilinda seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na huelekeza mafuta yahifadhiwe mapajani na nyongani badala ya kuzunguka viungo vya tumboni. Inapozuiwa, kila kimojawapo cha vitendo hivyo hudhoofika kwa kiasi fulani. Tamoksifeni ina tabia ya pekee kwa kuwa katika baadhi ya tishu huzuia na katika nyingine huiga estrojeni. Lakini imefahamika kwa muda mrefu kwamba huweza kusababisha mafuta kujazana kwenye ini, na ini lenye mafuta huikaidi insulini.

5.0 Kisukari nchini Tanzania: Ugonjwa Uliodhaniwa Kuwa wa Wengine

Wakati historia hiyo ikiendelea ng'ambo, kisukari katika Afrika Mashariki kilikuwa na historia yake. Madaktari wa enzi ya ukoloni walikichukulia kuwa ugonjwa adimu kwa Mwafrika. Hubert Trowell, aliyefanya kazi kwa miaka mingi Uganda, aliyakusanya mawazo na uzoefu wa kipindi hicho katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Dhana hiyo ya uadimu ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini iligeuka kuwa sababu ya kutopima. Na kisichopimwa huendelea kuonekana adimu.

Mabadiliko yaliletwa na kundi la watafiti wa Muhimbili lililoongozwa na Donald McLarty. Kati ya mwaka 1981 na 1987 walisajili na kuwafuatilia wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari mjini Dar es Salaam. Kisha wakatoka mjini. Mwaka 1989 walichapisha uchunguzi wa vijiji sita katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, uliowahusisha zaidi ya watu 6,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Kisukari kilipatikana kwa asilimia 0.9 tu. Kwa mwanahistoria wa Simiyu uchunguzi huu una uzito wa pekee, kwa kuwa Mara ni jirani wa moja kwa moja na sehemu yake kubwa inafanana na Simiyu kwa kilimo na ufugaji.

Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta sukari iliyopanda kwa kiwango cha kisukari katika asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Takwimu hizi mbili haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja bila tahadhari. Umri wa waliopimwa ulitofautiana, mbinu za upimaji zilitofautiana, na uchunguzi wa pili ulijumuisha miji. Hata baada ya tahadhari hizo, mwelekeo ni dhahiri: kiwango cha kisukari nchini kilikuwa kimepanda, na wale waliokaribia mpaka wa ugonjwa walikuwa wameongezeka.

Jibu la Serikali na wadau, wakiwamo Chama cha Kisukari Tanzania, lilikuwa kuanzisha kliniki za kisukari katika hospitali za mikoa na wilaya. Mwaka 2019 Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza ulizinduliwa. Hizi zilikuwa hatua kubwa. Lakini kliniki ya kisukari ilijengwa kama kliniki ya kisukari: ina siku yake ya wiki, kadi yake na daftari lake. Mgonjwa wa saratani hakuwa mtu wake.

6.0 Historia Mbili Zinakutana: Ushahidi wa 2012 hadi 2018

Ni katika mwaka huohuo wa 2012 ambapo watafiti wa Ontario, Kanada, wakiongozwa na Lorraine Lipscombe, walichapisha uchunguzi uliotumia kumbukumbu za afya za wanawake wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliowahi kuugua saratani ya matiti. Waliokuwa wakitumia tamoksifeni walikuwa na uwezekano wa kugunduliwa kuwa na kisukari ulio juu kwa takriban asilimia 24 kuliko wasioitumia. Kwa vizuizi vya aromatasi hawakuona uhusiano ulio thabiti. Uchunguzi kutoka Taiwan uliofuata nao uliihusisha tamoksifeni na ongezeko la kisukari.

Mwaka 2018, watafiti wa Israeli, Rola Hamood na wenzake, walitoa matokeo mazito zaidi. Katika kundi la wanawake zaidi ya 2,000 waliopona saratani ya matiti na ambao hawakuwa na kisukari mwanzoni, waliopewa tiba ya homoni walikuwa na hatari ya kupata kisukari iliyo takriban mara 2.4 ya wasiopewa. Kwa tamoksifeni ilikuwa takriban mara 2.3, na kwa vizuizi vya aromatasi zaidi ya mara 4.

Matokeo ya Ontario na ya Israeli yanapishana kuhusu vizuizi vya aromatasi, na mpishano huo unastahili kutafsiriwa kwa utulivu. Tafiti zote mbili zilitazama yaliyotokea. Hazikugawa dawa kwa kura. Wanawake wanaopewa vizuizi vya aromatasi wamekwisha koma hedhi, na umri peke yake huongeza kisukari. Unene huongeza saratani ya matiti baada ya kukoma hedhi, na huohuo huongeza kisukari. Tiba ya kemikali huambatana na dawa za jamii ya steroidi, kama vile deksamethasoni, ambazo hupandisha sukari. Hivyo ukubwa halisi wa hatari unaweza kubishaniwa. Mwelekeo wake, hata hivyo, unalingana na kila kilichojulikana tangu Houssay.

Jambo moja halibishaniwi: watafiti haohao walisema wazi kwamba faida ya tiba hii katika kuokoa maisha inazidi hatari ya kisukari. Kisukari kinaweza kugunduliwa mapema na kutibiwa. Saratani iliyorudi na kusambaa aghalabu haiponyeki. Mtu anayesoma historia hii na kuitumia kama hoja ya kuacha dawa atakuwa ameisoma kinyume.

7.0 Bariadi: Kliniki Mbili, Madaftari Mawili

Namna historia hizo zinavyokutana Bariadi huonekana katika njia anayopita mgonjwa. Kabla ya 2012, hospitali ya mkoa kwa watu wa Bariadi ilikuwa Shinyanga. Rufaa ya kanda ilikuwa, na imebaki, Bugando mjini Mwanza, hospitali iliyojengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971. Leo mkoa una hospitali yake ya rufaa mjini Bariadi, na barabara ya lami inayopita Lamadi imefupisha safari ya Mwanza kwa muda, ingawa umbali ungali zaidi ya kilomita 150. Tangu Bugando ilipoanza kutoa mionzi, mgonjwa wa Kanda ya Ziwa hahitaji tena kwenda Ocean Road kwa kila tiba. Hayo ni maendeleo ya kweli.

Hata hivyo, mpangilio wa huduma bado unamgawa mwanamke mmoja sehemu mbili. Saratani yake inafuatiliwa Mwanza, na ndiko liliko jalada lake. Sukari yake, kama itapimwa, itapimwa Bariadi, kwenye kituo cha afya au hospitali, na wale wasiojua kwamba anatumia tamoksifeni. Daktari wa saratani anaangalia kama uvimbe umerudi. Mhudumu wa kliniki ya kisukari anawaangalia waliokwisha kugunduliwa. Kati yao kuna miaka mitano ya vidonge, na hakuna ambaye kazi yake ni kuuliza kama mwanamke huyu amekuwa na kiu isiyo ya kawaida, anaamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, au kidonda chake kimechelewa kupona. Mgawanyo uleule uliowafanya watafiti wa dunia wachelewe miongo minne unajirudia katika daftari la kliniki.

Mambo matatu huongeza uzito wa suala hili mkoani. Kwanza, wanawake wa Kanda ya Ziwa huugua wakiwa na umri mdogo kuliko wa Ulaya. Uchunguzi wa miaka tisa wa wagonjwa zaidi ya 300 wa Kaskazini Magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011, uliwakuta wengi wakiwa katika umri wa kati na wakifika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusonga mbele. Mwanamke ambaye hajakoma hedhi kwa kawaida hupewa tamoksifeni, na wakati mwingine ovari zake huondolewa au kutulizwa. Anaingia katika ukomo wa hedhi ghafla, akiwa na miaka mingi ya kuishi mbele yake, na miaka hiyo ndiyo nafasi ambayo kisukari huhitaji ili kijengeke.

Pili ni suala la kipimo cha vipokezi. Kipimo hiki huhitaji maabara ya patholojia yenye kemikali maalumu na wataalamu wake. Pale kinapokosekana, tamoksifeni huweza kutolewa kwa kubahatisha. Mwanamke mwenye uvimbe usio na vipokezi akipewa dawa hiyo, hubeba madhara bila faida. Kwa hiyo kuimarisha maabara si anasa ya kitaaluma. Ni namna ya kuhakikisha kwamba anayebeba hatari ya kisukari anaibeba kwa sababu ya msingi.

Tatu ni chakula na kazi. Ugali, wali, viazi vitamu, michembe na matobolwa ni vyakula vya wanga, na vilimlisha mkulima wa jembe bila kumdhuru kwa sababu kazi ya shamba iliichoma sukari yake. Mgonjwa aliyepasuliwa titi na kutolewa tezi za kwapani mara nyingi mkono wake huvimba au kukosa nguvu. Anaacha kulima, kuchota maji na kuvuna pamba. Chakula kinabaki kilekile, kazi inapungua, na homoni iliyokuwa ikimsaidia imezuiwa. Ushauri wa lishe unaotolewa bila kuzingatia hayo, kwa kumwambia ale vyakula asivyovipata gulioni, hauna maana. Ushauri unaowezekana ni wa kiasi na mchanganyiko: kupunguza tonge, kuongeza mboga za majani, kunde na choroko, kuacha soda na chai yenye sukari nyingi, na kutembea kila siku kwa kadiri mwili unavyoruhusu.

Tanzania ina kielelezo chake cha kukutanisha kliniki zilizotengana. Kifua kikuu na virusi vya UKIMWI vilikuwa na programu mbili, watumishi wawili na kadi mbili, hadi ilipodhihirika kwamba vinamuua mtu yuleyule. Ndipo ikawa utaratibu kwamba kila mgonjwa wa kifua kikuu ashauriwe kupima virusi, na kila anayeishi na virusi achunguzwe kifua kikuu. Mabadiliko hayo yalihitaji zaidi swali la lazima kwenye fomu kuliko jengo jipya. Kwa saratani ya matiti, swali la aina hiyo ni rahisi: sukari ipimwe kabla ya kuanza dawa, irudiwe ndani ya miezi ya mwanzo, kisha angalau mara moja kwa mwaka kwa muda wote wa tiba. Kipimo cha tone la damu ya kidoleni kabla ya kula kinaweza kufanyika Maswa, Meatu, Itilima au Busega. Mgonjwa hahitaji nauli ya Mwanza kwa ajili yake. Jibu liandikwe kwenye kadi ileile ya saratani ambayo mgonjwa huibeba mwenyewe.

8.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba historia ya tiba ya kuzuia homoni ni historia ya mafanikio yaliyokuwa na upande ambao haukutazamwa. Beatson alijifunza kwa wafugaji kwamba ovari hutawala titi. Houssay alionesha kwamba estrojeni hulinda dhidi ya kisukari. McLarty na wenzake waliipima sukari ya wanakijiji wa Tanzania. Maarifa hayo yote yalikuwapo kabla ya mwaka 1990, lakini katika rafu tofauti za maktaba. Uhusiano wake ulichunguzwa kwa upana baada ya 2012, pale kumbukumbu za saratani na za kisukari zilipounganishwa nchini Kanada na Israeli.

Funzo kwa Simiyu ni kwamba muunganiko huo haupaswi kusubiri kompyuta kubwa. Unaweza kuanzia kwenye kadi ya mgonjwa mmoja. Kwa watafiti, kazi iliyo mbele ni kuwafuatilia wanawake wa Kanda ya Ziwa wenyewe, ambao umri wao, chakula chao na kazi zao havifanani na vya wanawake wa Ontario. Kwa watunga sera, kazi ni kuweka kipimo cha sukari ndani ya utaratibu wa tiba ya saratani. Kwa mgonjwa, ujumbe ni mmoja, na unapaswa kusemwa kwa lugha anayoielewa: dawa imezwe kila siku, sukari ipimwe kila mwaka, na la pili lisiachwe kwa kisingizio cha la kwanza.